Katika Zile Sabini, Zangu Ni Ngapi?

Mjukuu wa dada yangu, Neema, anasoma takwimu chuoni kule Nyegezi. Juzi alikuja kwangu Mabatini na kompyuta yake ya kubeba, akaibwaga juu ya meza ya chakula bila hata kuangalia kama meza imekauka, akaanza kunionyesha kazi yake. Ametengeneza modeli. Unaiambia habari za mwanafunzi, inakujibu ana uwezekano gani wa kuacha masomo. Kulikuwa na mmoja ana asilimia sabini.

Nikamwuliza, "Sabini hizo za nani?"

Akacheka. "Bibi, si za mtu. Ni uwezekano tu. Kompyuta ndiyo imesema."

Nikamwambia afunge hiyo kompyuta, akae, anywe chai. Swali lile niliulizwa mimi miaka ya tisini na mwanamke mmoja wa Ukerewe, nikalijibu kwa kiburi na nikalijibu vibaya, na mpaka leo nikilikumbuka masikio yananiwaka moto. Neema alisikiliza mpaka chai ikapoa, akaniambia, "Bibi, andika." Basi nimeandika. Ni yako Neema, na ni ya wenzako wote mnaojifunza kumwambia mtu kesho yake kabla hajaifikia.

Kwanza mjue kwamba mimi sikusomea takwimu. Nilisomea pamba, kama kuna mtu anasomea pamba. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, mkulima analeta mzigo, napima, naandika. Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, mizani yetu ikabaki inakalia vumbi, na sisi tukaitwa ofisini mmoja mmoja kupewa barua ya redandansi, kwamba kazi imekwisha. Neno lile hata watu wasiojua kusoma walilijua. Ukimwona mtu mzima anatembea barabarani saa nne asubuhi amevaa shati la kazini, unajua tayari, huyu kapewa redandansi.

Lakini soko hilo hilo lililonifukuza ndilo likaniajiri. Ufukweni viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kama uyoga, sangara anaingia mlango huu mzima, anatoka mlango ule amekatwa, amegandishwa, anapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake. Nikachukuliwa mapokezi. Nilikuwa mwepesi wa namba, na nilikuwa na pua.

Pua, ndiyo. Msicheke. Wakati ule samaki alikuwa hapimwi kwa mashine, ananuswa. Unafunua shavu, pale anapopumulia. Likiwa jekundu, sawa. Likianza rangi ya chai ya maziwa, angalia vizuri. Likiwa rangi ya chai ya rangi, mrudishie mwenyewe. Kisha unabonyeza kwa dole gumba karibu na uti wa mgongo, nyama ikirudi upesi amekufa leo, ikibaki na shimo alikufa juzi. Na jicho, jicho lililodidimia halina utetezi. Wiki yangu ya kwanza nilikataa kasha zima la samaki, nikasema linanuka vibaya, wakala akaapa kwa jina la mama yake. Msimamizi akaja akanusa kasha, akanusa samaki mmoja mmoja, mwisho akaninusa mimi. Kumbe aproni yangu ndiyo iliyokuwa inanuka, sikuwa nimeifua siku tatu. Tangu siku hiyo nikawa naitwa Kabula Aproni, na aproni yangu ikawa inafuliwa kila jioni mpaka ikapauka.

Aliyenitoa kwenye pua akaniingiza kwenye namba ni Mwalimu Kamugisha. Alikuwa Mhaya, amefundisha hesabu sekondari miaka mingi kabla ya kuja kuwa mkuu wa kumbukumbu pale kiwandani. Kompyuta ya ofisi ilikuwa moja, nayo aliifunika kwa kitambaa cha kufuma alichotengeneza mkewe, kama redio ya sebuleni. Mchana alikula ndizi alizobeba kutoka nyumbani. Ukimkaribisha ugali anasema, "Asante, Kabula, lakini mimi bado nina meno," nami namjibu kwamba ndiyo maana Wasukuma tunafuga ng'ombe na Wahaya mnafuga maneno. Tulipatana sana.

Mwalimu alinichorea karatasi yenye safu. Kila chombo kikifika niandike: samaki wana masaa mangapi tangu watolewe majini, barafu inatosha au haitoshi, wametoka mwalo gani, yaani ufuko upi wa wavuvi. Safu ya mwisho ilikuwa ya jibu. Wamepokelewa, sifuri. Wamekataliwa, moja. Hakuna "labda." Nikamwuliza mbona samaki wengine ni wa labda labda, akasema, "Labda tutaiweka sisi."

Na kweli. Baada ya kurasa nyingi aliiambia kompyuta itafute, katika mambo yale, lipi linasukuma kukataliwa na kwa nguvu gani. Ikawa sasa chombo kikikaribia gati, kabla hata sijafunua shavu la samaki mmoja, tunajua, kwa kumbukumbu zake za siku zilizopita, uwezekano wake wa kukataliwa. Huyu ishirini katika mia, yule hamsini. Jamani, nilijiona mganga. Nikaacha kushuka gatini. Ya nini kuloa miguu, wakati nipo juu ofisini, nimekaa kwenye kiti chenye mto, na samaki nawajua kabla hawajafika?

Meneja alizipenda namba zile kuliko sisi wenyewe. Alitoa amri mbili. Ya kwanza, wenye hatari ndogo waingie mlangoni kwanza, wenye hatari kubwa wasubiri, samaki wazuri wasije wakaharibikia foleni. Ya pili, wakala atakayekaa kwenye sabini au zaidi msimu mzima afutwe kwenye orodha. Nikawa napanga foleni kila asubuhi kwa karatasi yangu. Niliona ni busara tupu.

Wa kwanza kufutwa alikuwa Bwana Mafuru, wakala wa mwalo mmoja upande wa Sengerema. Mrefu, mkimya, kofia haitoki kichwani. Yeye alikuwa na sabini na mbili. Mimi ndiye niliyempa barua. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akasema, "Asante, dada," akaikunja akaiweka ndani ya kofia yake, akaenda. Nilishukuru kwamba hakunipigia kelele. Nilidhani amekubali.

Wa pili alikuwa Mama Majura.

Huyu alikuwa Mjita, ameolewa Ukerewe, anakusanya samaki wa mwalo wa Nyamasike na kutuletea kwa boti lake. Barua yake ilikuwa imeshapigwa chapa, inasubiri saini ya Meneja Ijumaa. Nani alimvujishia sijui, lakini Jumatatu aliingia ofisini kwangu na kitenge chake na mabuti ya mpira, anaacha alama za maji kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Kabula wa kunusa?"

"Ndiye mimi."

"Nasikia siku hizi hunusi. Nasikia unajua samaki wangu wameoza kabla mimi sijafika."

"Si kuoza, mama. Ni uwezekano."

"Uwezekano wangu ni ngapi?"

"Sabini."

"Katika ngapi?"

"Katika mia."

Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa, akaweka mikono juu ya magoti. "Haya. Katika hizo sabini, zangu ni ngapi?"

Nikamwambia sijamwelewa. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto wa jirani. Nyuma yake kuna mitumbwi kumi na minne inayomwuzia yeye. Akifutwa, samaki wa mitumbwi ile wataishia kubanikwa juu ya moto tu, na yeye mwaloni pale ataitwa mama wa samaki walionuka mpaka anaingia kaburini. "Sikatai kufutwa," akasema. "Nakataa kufutwa bila kujua kosa. Kama zote sabini ni zangu, nakunja kitenge changu naondoka. Kama nyingine si zangu, hapa sitoki. Nitajie zangu."

Sasa vijana, hapo ndipo kiburi kilipoongea. Sikusema "ngoja niulize." Nilichukua kalamu nikamfanyia hesabu mbele yake. Nikaanza na chombo kisicho na baya lolote, masaa machache, barafu tele, mwalo wa karibu. Hata hicho kompyuta inakipa kama kumi. Hizo kumi ni za kila mtu, samaki ni samaki. Nikaweka masaa yake marefu, ikapanda thelathini na tatu. Nikaweka mwalo wake, ikafika hamsini na sita. Nikaweka barafu yake haba, ikafika sabini. Nikamsomea: masaa ishirini na tatu, mwalo ishirini na tatu, barafu kumi na nne.

"Kwa hiyo mwalo wako, mama, una ishirini na tatu."

"Mwalo wangu una nini?"

"Ndivyo kompyuta inavyosema."

"Kompyuta imeshawahi kufika Nyamasike?"

Akasimama, akasema boti lake linaleta samaki kesho na atarudi nalo, akaondoka na maji yake. Mimi nikabaki nanung'unika kwamba watu wa visiwani hawana adabu ya ofisini.

Mwalimu Kamugisha alikuwa meza ya nyuma na bakuli lake la ndizi, amesikia yote. Akafuta midomo. "Kabula, kwa nini ulianza na masaa?"

"Kwa sababu ndiyo safu ya kwanza."

"Na kwa nini ndiyo safu ya kwanza?"

"Si wewe ndiye uliyeichora!"

Akacheka mpaka akapaliwa. "Haya, anza na mwalo."

Nikaanza na mwalo ili kumridhisha tu. Kumi, ukiongeza mwalo, ishirini na mbili. Nikasimama hapo. Mwalo umepata kumi na mbili! Nikarudia, nikadhani nimekosea. Kumi na mbili tena. Nikaweka masaa juu yake, hamsini na sita, kwa hiyo masaa thelathini na nne. Chombo kile kile, siku ile ile, sabini zile zile, na mwalo wa Mama Majura umepoteza karibu nusu ya lawama kwa sababu tu nimeutanguliza mlangoni. Mimi ni mtu wa mizani, na mizani niliyoijua, ukitanguliza gunia hili au lile, uzito wa kila gunia ni ule ule.

"Kompyuta inadanganya," nikasema.

"Kompyuta haijasema neno lolote kuhusu fungu la mtu," Mwalimu akajibu. "Imesema sabini, ikanyamaza. Aliyegawa ni wewe."

Akanieleza jambo ambalo nataka mlishike. Ndani kabisa ya modeli ile, nguvu za sababu zinajumlishwa vizuri, kama magunia yangu. Lakini zikitoka nje kuwa asilimia, zinapinda. Haziwezi kushuka chini ya sifuri wala kupita mia, kwa hiyo karibu na ncha zinatambaa, na katikati zinaruka. Umeshasukuma mtumbwi mzito mchangani? Wa kwanza anasukuma, haujongei. Wa pili anakuja, unatikisika kidogo. Wa tatu anagusa, unateleza majini, na yeye anatembea kifua mbele kwamba kausukuma yeye. Wabadilishe nafasi, sifa zinahama. Nguvu ya kila mtu haijabadilika.

"Sasa fungu la haki ni lipi?" nikauliza. Hasira zilikuwa zimeisha, nilikuwa nataka kujua tu. Udadisi ukinishika mimi hata njaa siisikii.

"Sababu tatu zinaweza kupanga foleni kwa namna ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Sita."

"Fanya zote sita. Kila sababu ipate zamu ya kutangulia, zamu ya kuwa katikati, zamu ya kuwa mwisho. Halafu chukua wastani. Si neno la Mungu, lakini angalau hakuna aliyependelewa kwa sababu ya safu niliyochora mimi bila kufikiri."

Nilizifanya zote sita kwa kalamu mchana ule, karatasi imejaa mikwaruzo. Masaa yakatoka thelathini na moja. Mwalo kumi na nane. Barafu kumi na moja. Ukijumlisha na zile kumi za kila mtu unapata sabini kamili, haibaki hata moja. Nilifurahi kama niliyevua mwenyewe.

Jumanne sikumsubiri apande. Nilishuka gatini, mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa. Ilikuwa saa sita, jua limekaa utosini, magugu maji yamejazana kwenye nguzo yanatoa harufu yao. Mama Majura alikuwa kwenye boti lake, amejifunika khanga kichwani, amekalia kasha la samaki. Nikamsalimu, nikamwambia nimekuja kusahihisha. Mwalo wako si ishirini na tatu, ni kumi na nane, nikamweleza zile foleni sita na zamu na wastani. Nilidhani hatanielewa. Alinielewa kabla sijamaliza.

"Hata kwetu ni hivyo," akasema. "Samaki wakiletwa nchi kavu, nyavu zina fungu, mtumbwi una fungu, watu wana fungu. Hatusemi nyavu ndizo zilizowashika basi zichukue wote. Bila mtumbwi nyavu zingefika wapi?" Halafu akaanza kucheka, lakini si kicheko cha furaha. "Weee Kabula! Yaani hizo sababu zako, vitu visivyo hata na miguu, mmezipa zamu ya kutangulia, kila moja. Sisi wenye samaki, zamu yetu iko wapi?"

"Zamu gani, mama?"

"Leo nimefunga kamba hapa saa moja asubuhi. Sasa saa sita. Hao wa karibu wamekuja baada yangu, wameingia, wametoka, wamekwenda kunywa chai. Karatasi yako ina safu ya masaa. Haya ya hapa, juani, ni ya nani?"

Nikatazama ule mlango wa mapokezi. Nikatazama foleni. Foleni ile nilikuwa nimeipanga mimi asubuhi, ofisini, kwenye kiti changu chenye mto. Safu yangu ya masaa ilihesabu tangu samaki kutoka majini mpaka mlango kufunguka, yote yamelundikwa pamoja, masaa ya ziwani alfajiri na masaa ya gatini mchana. Nikainama nikafungua kasha lake. Barafu ilikuwa imebaki maji. Niliona haya mbele ya mwanamke yule, aibu ya kweli kweli, ile inayokufanya usijue mikono uiweke wapi.

"Nipe mpaka Ijumaa," nikamwambia.

"Ijumaa ndiyo siku yenu ya barua."

"Ndiyo maana."

Hapa msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyepafikiria. Mlinzi wa gati alikuwa na daftari. Kila chombo kikifunga kamba aliandika saa, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza ukubwani, na hakuwahi kuruka hata siku moja, kwa sababu siku aliyoajiriwa aliambiwa aandike. Hakuna aliyewahi kulisoma daftari lile. Nilipomwomba aliniuliza, "Nimekosea?" Nikamwambia hapana, tumekosea sisi. Mkikumbuka jambo moja tu la ufundi katika haya yote, kumbukeni daftari la mlinzi. Kabla hujaamini safu ulizonazo, zunguka kazini uulize nani mwingine anaandika nini.

Jumatano na Alhamisi mimi na Mwalimu tulikaa, mmoja anasoma daftari, mwingine anaingiza. Hata ndizi zake alizisahau mezani. Tuliyagawa masaa mafungu mawili, ya majini na ya gatini, tukaiambia kompyuta ianze upya, tukafanya na zamu zote upya. Sababu zikiwa nne foleni si sita tena, ni ishirini na nne. Na mwalo wa Nyamasike, ule niliousomea mashtaka, ukanywea mpaka ukabaki kama mbili, na hizo ndizo pekee za kumwandikia yeye, maana umbali wa ziwani si kosa lake na barafu yake iliyeyukia kwenye foleni yetu. Masaa ya gatini yakavimba, yakawa makubwa kuliko yote. Saa moja ya juani pale, barafu imekwisha, ilikuwa inaharibu kuliko masaa kadhaa ya ziwani penye upepo. Kwa kuwa wa visiwani ndio waliosubiri zaidi, na safu ya kuwasemea haikuwepo, kompyuta ilitafuta pa kuubandika uharibifu ule, ikaukuta mwalo. Mwalo ulikuwa umebebeshwa mzigo wa mlango wetu.

Na baya zaidi ni hili. Chombo kikipewa namba kubwa, nakiweka mwisho. Kikikaa mwisho, samaki wanaharibika. Wakiharibika, kesho namba yake inakua zaidi. Namba yangu ilikuwa inajitafutia ushahidi yenyewe, kila siku, kwa mkono wangu.

Ijumaa tukaingia kwa Meneja. Barua iko mbele yake, kalamu mkononi. Mwalimu akanisukuma nitangulie.

Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kwa hiyo unataka kusema kosa ni langu?"

"Nasema ni foleni, bosi. Na foleni niliipanga mimi."

"Wewe ndiye uliyeniambia sabini."

"Ni kweli sabini. Lakini zake ni mbili."

"Nani anajua kama hizi mbili nazo hutakuja kuzibadilisha wiki ijayo?"

Swali zuri, na sikutaka kumdanganya. "Naweza kuzibadilisha. Ndiyo maana naomba tujaribu kwa samaki, tusijaribu kwa karatasi. Mpe wiki tatu aingie kwanza. Nitawanusa mwenyewe."

Akatazama barua, akatazama aproni yangu. "Wiki tatu. Akikataliwa, barua nitampa mimi, na wewe utasimama pembeni yangu."

Nilirudi kwenye mashavu ya samaki, vijana. Wiki tatu nilisimama mlangoni, boti la Nyamasike likifunga kamba linaingia, nafunua shavu, jekundu. Nabonyeza, nyama inarudi. Siku moja tu alileta kasha moja bovu, akalitupa mwenyewe kabla sijalifikia, akasema, "Hilo ni langu, liandike." Nikaliandika. Mwisho wa wiki ya tatu Meneja aliichana barua, na Jumatatu yake akaamuru mlango uende kwa zamu, leo mwalo huu unatangulia, kesho ule.

Mama Majura akanijia ofisini na mabuti yake, safari hii ameyafuta mlangoni. Ameshika sato wawili wametungwa kwenye kamba. "Haya, zangu ngapi sasa?"

"Mbili, mama."

"Na zako?"

"Nyingi kuliko zako."

Akacheka, cheko la kweli sasa, akaniwekea sato mezani juu ya karatasi zangu zote. Alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka.

"Na yule Mafuru wa Sengerema? Yeye ulimwambia zake?"

Nawaambia kweli, tangu siku ile aliyoondoka sikuwa nimemkumbuka hata mara moja.

Jumamosi nilivuka kwa feri nikatafuta mwalo wake. Boti nililikuta limepinduliwa mchangani, kuku wametagia chini yake. Shemeji yake aliniambia kwamba alikaa siku chache baada ya barua, haongei na mtu, halafu akaenda machimboni kutafuta dhahabu. Machimbo gani? Hakusema. Niliacha ujumbe pale, nikaacha mwingine kwa mawakala wenzake, nikauliza miaka na miaka kila nilipomwona mtu wa upande ule. Hakuna aliyemwona.

Nilitafuta karatasi yake ya siku ya barua, nikafungua daftari la mlinzi kwenye tarehe ile, nikaifanyia zamu zote ishirini na nne kwa mkono. Karatasi hiyo ninayo bado, imo ndani ya Biblia yangu, na juzi nilimtolea Neema. Aliisoma, kidole kinafuata safu, mpaka chini.

"Bibi," akasema, "zake zilikuwa nne?"

"Nne."

"Katika sabini na mbili?"

"Katika sabini na mbili. Hakuuliza, Neema. Alisema asante, dada."

Akaifungua tena kompyuta yake, akamtafuta yule mwanafunzi wake wa sabini, na kabla ya kugusa kitu kingine chochote akaniuliza kama nina karatasi na kalamu.